Monicah Ngendo Theuri, Mwandishi wa Kinamasi cha Kairia

Marehemu Monicah Ngendo Theuri alizaliwa tarehe 4 Juni 1958 karibu na Gakindu, Mukurweini, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kingori na marehemu Wachuka.

Alisoma huko Gakindu, kisha chuo cha ualimu, na mwaka 1980 akaanza kufundisha mjini Nyeri. Wanafunzi wake wanakumbuka jinsi somo la Kiswahili lilivyosimama ili wote watoke nje kutazama korongo taji wakipita.

Mwaka 1983 aliolewa na Bw. Theuri, wakahamia Chaka, kando ya kinamasi cha Kairia. Hapo ndipo alipoanza kuandika: kuhusu ndege, tembo wanaoshuka kutoka msituni, na Wayaaku, warina asali wa Mukogodo, aliowatembelea kila likizo. Mhariri mmoja wa gazeti alitaka awaandike kama watu waliokwisha. Mama alikataa. “Nitawaandikaje kama marehemu, na juzi wamenikaribisha asali?” Gazeti halikuchapisha makala hayo. Aliyatia katika kitabu chake mwenyewe.

Mwaka 2021 tajiri mmoja alileta tingatinga akaushe Kairia, ajenge nyumba za kupangisha. Mama alibeba kigoda, akaketi mbele ya tingatinga hilo. Dereva alimsihi aondoke, akisema yeye ametumwa tu.

“Hata mimi nimetumwa,” Mama akamjibu. “Ng'ombe wote wa hapa wanakunywa hii maji.”

Kufikia adhuhuri akina mama wa kanisa walikuwa wameketi naye, na tingatinga likarudi lilikotoka. Mama akaenda kortini kumshtaki tajiri huyo. Mzee mmoja wa kanisa alipomshauri asamehe, Mama alisema yeye ameshamsamehe tajiri, ila kesi inaendelea.

Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alitoa ushahidi wake akiwa ameshikiliwa pande mbili, akakataa kuketi hadi alipomaliza. Alifariki tarehe 11 Februari 2025 nyumbani kwa binti yake mtaani Skuta, akiwa amezungukwa na jamaa zake.

Wapo wanaotumaini kwamba leo tunazika na kesi. Baadhi yenu mko hapa. Karibuni chai, lakini Kairia haiuzwi.

Ameacha mume wake, Bw. Theuri, watoto Nyawira, Waweru na Lynn, wajukuu wanne, na marafiki Mukogodo.

Mama apumzike kwa amani ya Mungu. Jumanne jina lake likiitwa kortini Nyeri, Nyawira atasimama.