Miche Niliyoing'oa

Sogezeni viti, wanangu, na wewe kitindamimba acha kulia, machozi yako yatanimaliza kabla ya saa yangu. Nyumba ni yenu sawa kwa sawa, karatasi zimeshaandikwa, sina neno nayo tena. Ila chumba cha uani hakimo katika urithi wenu. Hicho ni cha mama yenu mdogo, na sababu yake nitaisema leo, ingawa sina pa kuuweka uso wangu.

Mnaikumbuka ile jeraniamu ya mbele ya baraza, iliyobeba kichwa cha maua ya rangi ya waridi kikubwa kuliko sinia, hata fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akawa anawaleta wateja wake waione? Aliyeilea miaka miwili kwa maji ya kopo ni mdogo wangu. Mimi nilipokea sifa tu, tena kwa mikono miwili. Ilipokauka majani hadi shina, nilimsimamisha mbele ya majirani nikasema ameimwagia maji ya sabuni kwa kijicho, na kwa kuwa ulimi hauna mfupa, wangu ukaongeza kwamba tasa hapendi kuona kitu kikichanua. Alijitwika cherehani yake akakihama chumba cha uani.

Mbegu zilizodondoka zikaota. Mche mmoja nikautunza mwenyewe, hakuna mwingine aliyeugusa. Ukachanua, ukakauka vilevile. Muuza miche akanicheka: "Mama, ua la aina hii huchanua mara moja likafa, ndivyo lilivyoumbwa." Siku ileile ilinipasa kwenda kumwomba mdogo wangu radhi. Badala yake nilirudi nyumbani nikang'oa kila kilichoota, na kila mwaka nikaendelea kung'oa, asubuhi kabla hamjaamka, lisije likachanua jingine likajifia mbele ya macho yenu mkanijua mama yenu ni nani. Nanyi mkanisifu kwa usafi! Naona haya, wanangu. Nawaonea haya nyinyi, nauonea haya hata ule udongo.

Mwaka huu miguu imenikatalia, nanyi mmeniletea habari kwa furaha kwamba pale barazani pameota tena. Msing'oe. Vikonyo vya majani makuukuu vikiinama hadi chini msivikate, ndivyo vinavyolishikilia shina lisianguke. Na maua yakianza kufa, waiteni majirani waone yanavyokufa yenyewe.

Jana mdogo wangu alipokuja, akanifuta jasho, akanibadilishia shuka, mlidhani nimelala. Sikulala. Nilifumba macho kwa aibu, naye akaninong'oneza, "Pumzika, dada."

Mungu awape wepesi wa kusema nimekosa, zaidi ya ule alionipa mimi. Awahifadhi... awaweke pamoja. Niinueni kidogo, wekeni mto mgongoni. Hizo ni kandambili za mdogo wangu zinalia ukumbini. Fungueni mlango, nanyi msitoke, kaeni msikie. Nitaanza mwenyewe. Pumzi ikinikatikia njiani... mkubwa wangu, malizia wewe... na lile neno nililomwita... usiliruke.