Ukuta wa Babu Futi

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kutushika mkono, familia imenichagua mimi mjukuu niwasomee maisha ya babu yetu, na kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la saba mnivumilie nikikwama, na huyu wa mgongoni akilia nitasimama kidogo, maana babu hakupenda mtoto alie huku wakubwa wanahutubia.

Babu yetu, seremala wa majeneza, ambaye mlimwita Babu Futi kwa sababu ya futikamba iliyoshinda shingoni mwake, alizaliwa tarehe 11 Machi 1931, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, akiwa wa tano kati ya watoto tisa, na kati ya hao tisa waliofika umri wa kwenda shule walikuwa watatu tu, wala hakuna aliyeshangaa, kwani siku zile mtoto hakuhesabiwa mpaka apone surua.

Alisoma shule ya karibu na reli kuanzia mwaka 1940, akaacha Novemba 1944 baba yake alipofariki akiwa na miaka arobaini na moja, na kwenye msiba ule watu walisema mzee amekula chumvi ya kutosha.

Februari 1945 alipokelewa na mjomba wake katika karakana ile mnayoiona ng'ambo ya barabara, akafundishwa msumeno, randa, na desturi ya pale, kwamba kila jeneza likitoka fundi huchora mstari wa penseli ukutani, mrefu kwa mtu mzima, mfupi kwa mtoto, na umri pembeni, nanyi mkiingia leo mtaona mistari mifupi ya miaka ile imesongamana kama majani, na ile mirefu imeandikwa thelathini na nane, arobaini, arobaini na tatu, mwenye sitini ni wa kutafuta kwa tochi.

Tarehe 7 Julai 1956 alimuoa bibi yetu, mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa watoto sita, na wa pili, binti wa miaka miwili, alichukuliwa na surua tarehe 3 Oktoba 1961, babu akalitengeneza jeneza lake peke yake, na alipomaliza kuchora ule mstari alimwambia bibi, "Sifi mimi mpaka nione mwaka mzima ukuta huu haujapata mstari mfupi," naye bibi kwa uchungu akamjibu, "Basi wewe hutakufa, mume wangu."

Mwaka 1973, akiwa ameshampita baba yake kwa umri, aliona anacheza muda wa nyongeza, akajitengenezea jeneza lake la mbao nzuri ili asisumbue mtu, bibi akaona ni hasara likae tupu, akatia mablanketi, na yakakaa humo miaka hamsini na moja, ndiyo hayo mliyoyakalia leo.

Siku ya Jumatano, tarehe 8 Mei 1974, alikuja muuguzi wa chanjo akitafuta boriti imara ya kutundikia mizani ya watoto, babu akampa ya karakana kwa moyo mmoja, ila akakosea jambo moja, alisimama mlangoni kuwakaribisha akina mama akiwa na futikamba yake shingoni, na mama wa kwanza alipomwona akamkumbatia mwanawe akapiga kelele, "Jamani, huyu anachukua vipimo mapema!" wakatimka wote, mmoja akaacha kiatu. Jumatano iliyofuata babu alifunika majeneza kwa mashuka ya bibi, akaiacha futikamba nyumbani, akakaa nje anatengeneza vigoda vya akina mama kukalia, na kiatu akakirudisha kimeng'arishwa, nao wakaja, na tangu siku hiyo hakuivaa tena Jumatano, hata zahanati ilipojengwa jirani mwaka 1986 na mizani ikahamia huko.

Mistari mifupi ikaanza kuachana, bomba la maji safi likafika mtaani, ikaachana zaidi, lakini sitairuka miaka ya tisini, maana mistari mirefu ilirudi kwa wingi ikiwa na ishirini na nane, thelathini na moja, na mmojawapo ni wa baba yangu mdogo, mpaka dawa zilipopatikana, na fundi viatu wetu ambaye babu alikuwa ameshampima kwa macho yuko hapa leo, kavaa koti la njano, na babu alimwomba radhi mara nyingi. Redio ilipotangaza kwamba watu nchini sasa wanaishi miaka mingi kuliko zamani, babu alicheka akasema, "Hao wamechelewa, ukuta wangu ulishasema."

Mstari mfupi wa mwisho aliuchora tarehe 6 Aprili 2023, akaanza kuhesabu, na ilipobaki miezi isiyofika mitatu, tarehe 17 Januari 2024, nilijifungua kabla ya wakati, mtoto wa kilo moja na gramu mia moja, na watu wakaanza kuniangalia kwa huruma, lakini babu alifunga karakana, ufunguo akampa fundi viatu, akamwambia, "Usinipe hata nikikuomba," akaja kukaa kwenye benchi la wodi kila siku kwa wiki saba, nami nikiwa nimemlaza mwanangu kifuani ngozi kwa ngozi, yeye dirishani akimwita, "Mzee mwenzangu, vuta pumzi, vuta nyingine," na tarehe 6 Aprili mwaka ukatimia, fundi viatu akamfungulia mlango bila kumwachia ufunguo, babu akauosha ukuta chini ya mstari ule, akalia, akatununulia soda mtaa mzima.

Moyo wake ulianza kuchoka mwezi Julai, miguu ikavimba, na Jumatano tarehe 18 Septemba 2024 nilimpitia kutoka zahanati nikamwambia huyu ana kilo sita na nusu, akasema, "Mwongezee uji," akafumba macho kwenye kigoda chake, hakuyafumbua tena, akiwa na miaka tisini na tatu.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliomtilia babu mto kwenye benchi bila kuombwa, majirani mliotuchotea maji, mafundi wenzake, na fundi viatu aliyekataa kutoa ufunguo mpaka jana, ilipobidi. Mstari wako tumeuchora asubuhi hii, Babu, mrefu, na futikamba tumeiacha nyumbani kama Jumatano. Pumzika kwa amani, mzee mwenzako anavuta pumzi.