Kabegi ka Italia

"Italia? Peke yako? Na hako kabegi?" Hata Nakuru matatu yetu haikuwa imeimaliza, mathe aliyeketi mbele yangu alikuwa ameshajishika kifua akimtazama msichana wa kando yake, kana kwamba ametangaziwa msiba. "Nguo chache zinatosha, mathe. Sikuambia mtu nasafiri, wangeniletea unga na majani chai niwapelekee watoto wao." "Hata mama yako?" "Nitampigia nikifika." "Uuui! Mtoto gani huyu?" Mathe alinigeukia nishtuke naye, nikashtuka, ningefanyaje?

Alinuna mpaka Gilgil, ndipo akauliza polepole, "Unashukia Roma?" "Eeh." "Dere, simama kwa hiyo duka! Binti yangu Njambi yuko huko Roma, nimnunulie unga!" Msichana alikumbatia kabegi kake kwa mikono miwili. Gari likasimama.