Nyenzo ya Kwanza ni Dirisha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya chuo chetu, ambaye hayupo. Ndugu Karugendo, mwakilishi wake, uliyetumwa kutuambia kwamba hayupo. Mkuu wa Chuo, Mwalimu Byabato. Baba Paroko na Mchungaji, mlioketi kwa amani chini ya turubai moja. Wazazi mliotoka Ijumbi, Rubya, Kashozi na Bukoba mjini. Wahitimu wetu, pamoja na nyinyi mliofuata harufu ya ndizi na nyama: kasinge waitu, asanteni kwa kufika.

Mimi ni Benadetha, mkufunzi wa mitandao ya kompyuta na usimamizi wa seva. Kamati ya mahafali imeniomba niwapendekezee nyenzo bora za kujifunzia kazi hii. Nimeguswa sana. Ni heshima kubwa kwa mpishi aliyefungiwa jiko kuombwa asifie mapishi.

Nyenzo ya kwanza, ndugu zangu, ni dirisha.

Mtakumbuka wahitimu hawa walipoanza masomo, wafadhili walituletea seva, ruta, swichi na kabati lake zuri la chuma. Uongozi ukaamua, kwa hekima ambayo sisi wadogo hatuifikii, kwamba chumba cha vifaa hivyo hakiwezi kutumika kabla hakijafunguliwa rasmi. Utepe mwekundu ukafungwa mlangoni. Mara ya kwanza Mheshimiwa Mwenyekiti alikuwa safarini. Mara ya pili alikuwa na harusi ya mpwa wake. Mara ya tatu senene, panzi wetu watamu, walikuwa wameanguka, na hiyo peke yake niliielewa.

Basi wanafunzi wakasoma kwa dirisha. Dativa, aliyeongoza darasa mwaka huu, anaweza kuichora seva ile kwa mbele bila kukosea taa hata moja. Nyuma yake hajawahi kuiona. Baadaye mama mmoja wa kamati, kwa upendo wake, akaifunika seva kitambaa cha kufuma, kama tunavyofunika redio sebuleni. Mashine inayotaka hewa ikavishwa kama bibi harusi! Haijaungua, maana haijawahi kuwashwa. Tuipongeze kamati ya usalama.

Nyenzo ya pili ni sauti. Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani yake, na kila uzi una rangi yake na nafasi yake kwenye kichwa cha waya. Wanafunzi wangu wanazighani rangi hizo bila kushika waya wowote: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, na kuendelea. Siku moja Baba Paroko alipita nje akasimama akavua kofia, akidhani ni litania. Hakukosea sana, Baba. Tulikuwa tunaomba.

Mnataka matunda ya elimu hii? Ildefons, aliyemaliza mwaka jana, aliitwa kwenye usaili katika ofisi moja Bukoba. Mkubwa wa pale akamwambia, "Ingia kijana, seva ile pale, iwashe." Ildefons akabaki kizingitini. "Ingia basi!" Naye, kwa adabu tuliyomfundisha, akauliza, "Samahani mzee, chumba kimeshafunguliwa rasmi?"

Mnacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini mama yake Ildefons yuko hapa, na yeye hacheki. Kazi alipewa mwingine.

Jumatatu ni zamu ya Dativa. Ameitwa kwenye usaili wa vitendo, katika hospitali inayotaka maabara, duka la dawa na wodi zisomane kwa mtandao mmoja. Mama yake, Ma Magdalena, alimsomesha kwa kuuza kahawa butura, yaani ikiwa bado maua mtini. Jumatatu watampa waya. Hawatampa dirisha.

Kwa hiyo wazazi, hizi hapa nyenzo zenyewe, maana kejeli haimwajiri mtoto. Mtafutieni kompyuta kuukuu, aiwekee mfumo wa Linux, ambao ni wa bure. Ndani yake mna maelezo ya kila amri. Ayasome kabla ya kumpigia mtu simu. Zipo programu za bure za kuigiza mitandao, ataunganisha ruta kwenye kioo hadi achoke. Zipo kozi za bure mtandaoni. Apakue masomo akiwa mjini, akayasomee nyumbani. Kisha aiharibu ile kompyuta yake na kuitengeneza mwenyewe, tena na tena, kwa kuwa asiyewahi kukwamisha mashine hajui kuikwamua. Hayo yote ni mazuri. Lakini vidole havifundishwi na kioo, vinafundishwa na waya.

Na sasa Ndugu Karugendo ametutangazia kwamba ufunguzi umeahirishwa tena, ila mahafali yaendelee. Nakuuliza kwa heshima, Ta Karugendo: nyumbani kwako ukimsubiri mgeni, unamwandalia kahawa ya kutafuna. Asipokuja, unalala nje?

Mwalimu Byabato, uliniagiza nifunge utepe mpya, ule wa zamani ulikuwa umechakaa kwa kusubiri. Nimefunga. Mtaona ni wa bluu. Mnisamehe, si kitambaa, ni waya wa mtandao. Na kwenye sinia hakuna mkasi. Kuna koleo la kubania, nililoliazima jana kwa fundi mmoja mjini, na vichwa viwili vya waya.

Dativa, njoo mwanangu. Usimtazame Mkuu wa Chuo, tazama mlango. Kata. Ukishakata, usituletee kipande cha ukumbusho: bana kichwa huku, bana kichwa kule, ingia, ivue seva kile kitambaa, uunganishe, uwashe. Ukisahau uzi, wenzako watakuitikia rangi. Mwalimu Byabato, ufunguo, tafadhali. Sote tunakungoja, na Ma Magdalena ameshasimama.

Mheshimiwa Mwenyekiti akipata nafasi, aje. Kahawa yake ipo, na atatukuta kazini.

Mmenivumilia, ndugu zangu. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nyamazeni, tuisikilize seva.