Hata Jina la Marehemu

Kinyozi alikuwa ametulia na gazeti lake ndani ya treni, mkoba wa mashine za kunyolea magotini, mpaka fundi cherehani aliyekaa naye alipofoka kwenye simu: "Kwa mshauri yule sirudi, hata mniburute!" Akaikata.

Kinyozi, ambaye hakuulizwa, akaingilia. "Dada yangu, ushauri nasaha ni kama dawa, chungu lakini unameza. Binti yangu naye alimkataa wake. Nimemwambia atarudi, apende asipende."

"Dawa gani? Nimemzika mdogo wangu juzijuzi, silali, sili. Ndiyo kwanza nafungua mdomo, bwana yule anatazama saa, ananiambia nishukuru nina watoto. Sijafika hata kwenye jina la marehemu! Mimi kitambaa cha mtu sikikati kabla sijampima!"

"Sasa utahama washauri mpaka lini?"

"Mpaka nimpate anayesikiliza, awe wa tatu au wa kumi! Na wewe, mteja akilia kwamba wembe unamkata, unamkaba shingo umalizie?"

Abiria wa mbele, waliojifanya wamelala, waliacha kujifanya. Kinyozi akakunja gazeti ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

"Binti yako," fundi akasema, bado kwa ukali, "alikwambia kwa nini hamtaki?"

"Alianza kuniambia."

"Alianza. Halafu?"

Treni ikafunga breki, milango ikafunguka. Kinyozi akatazama saa.