Uwanja Wangu Ulikuwa Safi Mno

Ndugu zangu mliokuja kusali humu nyumbani kwangu, mkiniona natupa jicho mlangoni huku nasema, msidhani nimewachoka. Kuku wangu wako nje, na tangu tuhamie huku mimi kutulia sijui.

Wengi wenu tulihamishwa pamoja. Serikali ilipotutoa kule porini kwa ajili ya ugonjwa wa malale, mume wangu nilikuwa nimekwisha kumzika. Nilikuja na watoto wangu wawili, mtungi, na tenga lenye tetea mmoja na jogoo. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, akakizunguka kibanda changu, akasema, "Mji usiowika jogoo si mji. Ukikushinda, watoto watakaa kwangu." Hakusema kwa ubaya, lakini mama yeyote hapa anajua neno lile lilivyonichoma.

Amri mnaikumbuka: vichaka vyote vikatwe, mbung'o anayeleta malale akose pa kukaa. Wee! Nilikata kuliko wote. Nikang'oa, nikafagia, uwanja ukawa mweupe pee. Jumbe akapita, akawaambia wenzangu, "Mtazameni mjane huyu!" Nami kichwa kikavimba.

Tetea akatotoa. Mwewe naye akauona uwanja msafi. Akashuka mchana kweupe, akabeba kifaranga mbele yangu nimeshika ufagio! Kesho yake akarudi. Nikapiga debe, nikapiga kelele, nikamtukana matusi yasiyosemeka humu. Mama pale nyuma anacheka, aliyasikia. Nikienda kuteka maji narudi mbio, nikilima natazama juu. Vifaranga wakaisha wote. Tetea akaatamia tena, na kabla hajatotoa, nguchiro akamkamata jogoo. Asubuhi yake hapakuwika kitu. Shemeji akaja. "Mavuno yakiisha nitawafuata watoto," akasema. Nilimwandalia chakula.

Vifaranga wa pili wakatoka. Siku moja nageuka, tetea hayupo, kifaranga hata mmoja hayupo. Mara nasikia jirani anafoka, "Wewe mama! Kuku wako wananifukulia mihogo!" Nikashika fimbo, nikakimbia, nimejaa hasira. Nikainama chini ya majani ya mihogo. Tetea amejikunyata, vifaranga wote wamo mbawani, wazima. Juu mwewe anazunguka, anazunguka, haoni kitu. Akaenda zake.

Ndugu zangu, nawaambia, fimbo ilinidondoka. Kumbe miezi yote ile nilikuwa namfagilia mwewe njia! Nikakaa chini, nikalia. Jirani akaogopa, akasema, "Basi, basi, mihogo yenyewe michache."

Nikaenda kwa jumbe kumwomba niache kichaka kiote karibu na mlango. Akasema, "Kichaka hapana. Shamba, ruksa." Jirani akanikatia miti ya mihogo, nikaipanda mpaka karibu na mlango. Ilipokuwa bado mifupi, akawaachia kuku wangu washinde kwake. Hakunidai hata yai.

Mavuno yalipokwisha shemeji akaja kweli, na tenga la kubebea vitu vya watoto. Nikampa kigoda. Mwanangu mdogo akaniganda kanga, hataki kuniachia. Hapo kwenye mihogo kijogoo kimoja, bado shingo nyembamba, kikajaribu. Kilikwama kama mtu aliyepaliwa na ugali. Kikajaribu tena, kikawika. Shemeji akainuka kigodani. Kisha akasema, "Haya. Mji upo." Akaondoka na tenga lake tupu. Juzi kalirudisha: anataka miti ya mihogo, maana mwewe kamhamia yeye. Uwanja wake msafi sana, maskini.

Namshukuru Mungu, na jirani yangu yule aliyefoka kisha akanifadhili. Nanyi akina mama, fagieni, lakini msifagie mpaka mtoto akakosa pa kukimbilia.

Ngojeni. Mmemsikia tetea? Huyo kaona mwewe. Sasa kimya. Zamani kimya hicho kingenitoa humu mbio, nimeacha kanga nyuma. Wameingia kwenye mihogo. Nisogezeeni kigoda, leo nakaa.