Pudentienne, Mlinzi wa Moto Aliouogopa

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu Pudentienne, mke wa Habonimana, aliyezaliwa Luberizi tarehe 4 Machi 1921, akasoma miaka miwili kwa wamisionari, akabatizwa, akafunga ndoa tarehe 8 Juni 1940 na kuhamia hapa Mutarule, akilima mpunga na mihogo. Mungu aliwajalia watoto watatu, Domitille, Donatien na Libérat.

Siku hizo kiberiti kilikuwa kitu cha kununuliwa mbali, madukani mjini Uvira, na nyumba iliyozimikiwa moto ilikwenda kuomba kaa kwa jirani. Tarehe 3 Agosti 1951, kiangazi kikiwa kikali, Pudentienne alikuwa akirudi na kaa juu ya kigae, upepo ukalipuliza, cheche ikarukia paa la nyasi la nyumba yake, na Libérat, aliyekuwa amelala ndani, hakutoka.

Tangu siku hiyo hakuomba moto kwa mtu, wala hakuuacha wake uzimike, akipika maharage juu ya mafiga huku akiyatazama makaa kama mtu anavyomtazama nyoka aliyeingia nyumbani, mtungi wa maji ukiwa karibu na mguu wake. Upepo ukivuma hakumpa jirani kaa hata moja, na hilo lilitosha mtu kuitwa mchawi. Jirani yake Bernardine alimwuliza mbele ya watu, "Weye, moto yako iko ya zahabu?" Akajibu, "Leta nyungu yako, dada, utapikia hapa." Bernardine akacheka, "Bwana yangu atasema nimeolewa kwako!" Lakini nyungu aliileta, na wengine wakafuata, hata wale waliokuwa wakimnong'ona.

Mwaka 1956 kifua kilianza kumbana, daktari wa Uvira akamwambia aondoke kwenye moshi, akaitikia, kisha akarudi jikoni, kwa sababu aliogopa kuuacha moto peke yake na watoto. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1958, akiwa hawezi tena kuketi, alimwita Domitille akamwambia aumwagie maji. Aliuliza kama umezimika, akauliza tena, akamtaka binti yake atie mkono kwenye jivu, kisha akageukia ukuta, na mchana alikata roho.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, majirani waliombeba hadi barabarani alipopelekwa Uvira kutibiwa, na akina mama wote aliolima nao mpunga.

Upepo unavuma leo, mama, na jiko lako ni baridi, tumeligusa sote. Usiamke kuangalia. Pumzika kwa amani.